Ujasiriamali sekondari: tunatokaje kwenye noti na sabuni ya maji?

Mwalimu wa Kilosa anauliza:

Salaam kwenu walimu wenzangu, wazazi, na wote mnaojishughulisha na elimu ya vijana.

Ninafundisha somo la Biashara katika shule ya sekondari ya kata wilayani Kilosa. Kama wengi mnavyofahamu, katika mtaala ulioboreshwa somo hili limekuwa la lazima kwa mkondo wa jumla, kwa hiyo darasani sina tena wale wachache waliochagua mchepuo wa biashara kwa hiari yao. Ninao wote, akiwamo anayetaka uuguzi, anayetaka kwenda jeshini, na yule ambaye bado hajajua anataka nini. Sioni ubaya katika uamuzi huo, tena naona umechelewa. Kinachonihangaisha ni namna ya kuifundisha mada ya ujasiriamali ili isiishie kwenye daftari la noti.

Mazoea yetu ni kuanza na maana ya ujasiriamali, kisha sifa za mjasiriamali, kisha umuhimu wake katika uchumi wa taifa. Mwanafunzi hodari anazikariri sifa zote, mbunifu, mthubutu, mvumilivu, mwenye maono, na anapata alama kamili. Lakini ukimwuliza kwa nini mama yake anauza vitumbua kila alfajiri, wateja hawakosi, na bado mwisho wa wiki anakopa mchele dukani, anabaki anakutazama. Jibu la swali hilo ndilo ambalo ningependa atoke nalo shuleni, na silioni mahali popote katika noti zangu.

Mwaka jana alikuja mkufunzi wa ujasiriamali, na kama ilivyo desturi, somo likawa ni kutengeneza sabuni ya maji. Ndoo ikaletwa, malighafi zikakorogwa, ikafuata chumvi, rangi ya kijani na manukato, na kila kundi likaondoka na chupa yake. Wanafunzi walifurahi mno. Hakuna aliyeuliza malighafi zile zinanunuliwa mji gani na nauli yake ni kiasi gani, wala kwa nini mama wa nyumbani aiache sabuni ya kiwandani aliyoizoea, yenye alama ya ubora, achukue ya kwetu iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha kutumika.

Nataka kufanya kitu cha kweli, chenye fedha ya kweli hata kama ni kidogo. Kipindi kimoja ni cha dakika 40. Darasa lina wanafunzi 80. Shule haina fungu la shughuli hiyo. Mtihani wa Baraza unaandikwa kwa Kiingereza. Na mkuu wa shule, ambaye ni mtu mwelewa, anahofu kwamba tukiwaruhusu wanafunzi kuuza vitu, kesho tutakuwa na gulio na keshokutwa wazazi watakuwa ofisini kwake. Naomba ushauri juu ya shughuli inayoweza kuanza na kumalizika ndani ya muhula mmoja, juu ya nani ashike fedha, na juu ya namna ya kutoa alama bila kumwonea aliyepata hasara kwa bahati mbaya.

Mwalimu Mstaafu, Iringa:

Mwalimu, pole kwa majukumu, na hongera kwa kuuliza. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita wakati shule zilikuwa na mashamba, mabanda ya nguruwe na karakana, kwa hiyo naomba nianzie huko kabla ya kufika kwako.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea ulitolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, majuma machache baada ya Azimio la Arusha. Watu wengi wanaukumbuka kwa jembe. Ukiusoma kwa makini utaona kwamba ulidai jambo gumu kuliko jembe: shule iwe jumuiya ya uchumi, wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, na matokeo ya kazi yao, mazuri kwa mabaya, yaonekane katika maisha yao ya palepale shuleni. Sehemu hiyo ya kuamua ndiyo iliyoanguka njiani. Katika shule nyingi nilizozijua, mwanafunzi alilima, akapalilia, akavuna, akabeba magunia hadi stoo. Bei ikapangwa ofisini, fedha ikapokewa ofisini, na yeye hakusomewa hesabu ya mauzo hata siku moja. Baya zaidi, wachelewaji na watoro walipelekwa shambani kama adhabu. Mtoto aliyezoea kushika jembe kila anapokosea hutegemei alirudie kwa hiari akiwa mtu mzima.

Ninayasema haya kwa sababu naona jambo lilelile linarudi kwa jina jipya. Mradi wa kuku ambao mwalimu ndiye anayenunua vifaranga, ndiye anayetafuta mnunuzi na ndiye anayehesabu fedha, huku wanafunzi wakifagia banda, ni mradi wa shule, na huenda ukasaidia chakula cha mchana, ujasiriamali haumo. Mimi hujiuliza swali moja tu ninapotazama mradi wa namna hii: kuna uamuzi gani wa fedha ambao mwanafunzi ameufanya mwenyewe, na ambao ungeweza kwenda kombo?

Kuhusu shughuli yenyewe, kama shule ina maji, anza na mchicha. Unavunwa kati ya wiki ya tatu na ya nne tangu kusia mbegu, kwa hiyo hata muhula ukikatizwa na mitihani bado utapata angalau mizunguko miwili. Wape makundi matuta yaliyo sawa kwa urefu na upana, mbegu ya kipimo kimoja, na samadi debe kwa debe, kisha usiwaelekeze tena katika mambo ya kuuza. Kundi moja litang'oa mchicha wote kwa mkupuo na kuuza mafungu makubwa. Jingine litakata juu na kuacha mashina yachipue. Jingine litakwenda kwa mpishi wa shule kuomba awe ananunua kila Jumanne kwa bei ya chini lakini ya uhakika. Mzunguko ukiisha, yaweke madaftari yote mezani. Kwa kuwa walianza na vitu vilevile, sehemu kubwa ya tofauti ya fedha itakuwa imetokana na maamuzi yao, na mwalimu aliyejiandaa anaweza kufundisha vipindi vitatu kwa madaftari hayo tu bila kufungua kitabu.

Kuku wa nyama nawaogopa kwa shule ya kata, ingawa ndio wanaopendwa siku hizi. Kwa kalenda wanafaa, kwani katika wiki ya tano au ya sita wanauzika. Lakini kifaranga anataka joto usiku na mchana katika siku zake za mwanzo, anataka chanjo ya kideri na ya Gumboro kwa tarehe zake, na chakula ndicho kinachobeba sehemu kubwa kabisa ya gharama. Tena wakishafikisha uzito, wote huwa tayari kwa pamoja, na kila siku wanayokaa bandani wakisubiri mnunuzi wanakula faida. Shule ikifungwa kabla hawajauzwa, utabaki wewe, mlinzi, na kuku 100.

Mama Genge, Mbagala:

Shikamoo Mwalimu mstaafu, na wengine nawasalimu. Mimi sikusomea ualimu. Nina genge hapa Mbagala, na vijana waliomaliza kidato cha nne huja kwangu kutaka kujishikiza wajifunze biashara, kwa hiyo najua wanachokuja nacho na wanachokosa. Kuuza wanajua, tena wengine wana ulimi mtamu kunishinda. Hesabu ndiyo inayowatoa jasho, nao wamekaa darasani miaka minne.

Mwalimu wa Kilosa, yule mama wa vitumbua, kwa ninavyoona, anakula mtaji bila kujijua. Sukari ya chai ya watoto inatoka kwenye fedha ya biashara, mkaa hauhesabu kwa sababu gunia lilinunuliwa mwezi uliopita, vitumbua vinavyobaki vinaliwa nyumbani na haviandikwi popote, na majirani wawili watatu wanachukua kwa mkopo. Kila kimoja ni kidogo. Vikikaa pamoja kwa wiki moja, mchele haununuliki.

Ili wanafunzi walione hilo kwa macho yao, wape karanga. Nitachukua bei za mfano, wewe utaweka za kwenu. Kundi linanunua karanga mbichi kilo 3 kwa Sh 3,500 kila kilo, jumla Sh 10,500. Chumvi Sh 200, mkaa Sh 1,000, karatasi za kufungia Sh 800, na nauli ya aliyekwenda sokoni Sh 1,000. Mpaka hapo wametumia Sh 13,500. Wanakaanga, wanafunga, wanapata vifurushi 80 vya kuuza Sh 200 kila kimoja, yaani Sh 16,000 kama vyote vitauzwa. Waulize faida ni kiasi gani. Wengi watakwambia Sh 5,500, kwa sababu wametoa bei ya karanga peke yake. Walio makini watasema Sh 2,500. Waandike majibu yao ubaoni, kisha waende wakauze.

Wakirudi, yawezekana kabisa mambo yakawa hivi: vifurushi 65 vimelipiwa, 9 wamechukua marafiki kwa ahadi ya Ijumaa, na 6 vimeliwa na wauzaji wenyewe kwa maneno ya "naonja tu". Mkononi kuna Sh 13,000. Kundi lililoandika ubaoni faida ya Sh 5,500 limepungukiwa Sh 500 kwenye mtaji, na bado hatujamlipa aliyekaa jikoni na moshi. Hapo usiwahutubie. Waache watafute wenyewe fedha imekwenda wapi, mstari kwa mstari, mpaka waifikie.

Nimeandika karatasi kwa makusudi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na anayetaka kufungasha kitu chochote lazima aulize kinachoruhusiwa kabla hajanunua vifungashio, kwa sababu hasara ya kununua kitu usichoweza kukitumia haina wa kumdai. Hata hiyo sabuni yenu ya maji, kabla ya kuipeleka dukani, mwenye duka angeuliza habari za Shirika la Viwango. Mkufunzi wenu alitakiwa alisemee hilo siku ileile.

Daftari la kundi liandikwe kila siku, na liandikwe kwa Kiswahili. Somo mtalitahiniwa kwa Kiingereza, sawa, mwalimu atawavusha. Lakini kijana anayeandika mauzo ya karanga kwa lugha anayoibabaisha ataandika kile anachoweza kukitamka na kuacha kile kilichotokea.

Kuna jambo jingine la sokoni ambalo sijawahi kumwona kijana amefundishwa shuleni, nalo ni mali kauli. Mzigo mwingi huku unachukuliwa hivyo: unapewa nyanya alfajiri kwa ahadi ya mdomo, jioni unarudisha fedha ya watu, chako kinabaki. Anayekupa anakupa kwa sababu anakujua. Kundi moja likubaliane na mwenye duka aliye jirani na shule, mwalimu akiwa shahidi, lichukue kalamu au biskuti kwa mali kauli na kurudisha fedha siku iliyosemwa, pamoja na kile ambacho hakikuuzika kama walikubaliana hivyo. Hapo watajifunza pia kuuliza sharti hilo mapema, maana wengi hawaulizi. Na kwa kuwa Kilosa ni wilaya ya wakulima wa mahindi na mpunga, chukueni mzani mkapime gunia la rumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, mbele yao, wahesabu mkulima ametoa kilo ngapi bure.

Mikopo nayo isisubiri chuo. Hii ya kausha damu, yenye riba ya kuumiza, inawapata wakiwa na miaka kumi na tisa, ishirini. Andika ubaoni: umepewa Sh 100,000, unarejesha Sh 4,500 kila siku kwa siku 30. Ni Sh 135,000. Sasa waulize swali la pili, ambalo ndilo lenye mzizi: kwa kuwa unaanza kurejesha kesho yake, ile Sh 100,000 umekaa nayo siku ngapi? Baada ya wiki mbili umekwisha kurudisha Sh 63,000, lakini riba unalipa kana kwamba fedha yote bado iko mfukoni mwako. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa mtandao zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Waliokopa huko si wote waliokosa shule.

Mzazi, Tabata:

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini naomba hofu ya mkuu wa shule isipuuzwe, kwa sababu sisi wazazi tumeona mengi yanayofanywa kwa jina la kuwafundisha watoto kujitegemea. Mwanangu alipokuwa kidato cha kwanza katika shule ambayo sitaitaja, alikuwa akipewa na mwalimu wake ndoo ya ubuyu auze wakati wa mapumziko. Faida ilikuwa ya mwalimu. Fedha ilipopungua, pungufu lilidaiwa kwangu, na mtoto akawa anaogopa kwenda shule. Niliambiwa kwamba anajengewa moyo wa biashara.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla ya mchicha na karanga, naomba mambo haya yawekwe wazi kwa maandishi. Mwalimu yeyote asiwe na bidhaa yake ndani ya shughuli hiyo. Mtoto asitumwe kuuza stendi wala barabarani, na hasa mabinti wasitumwe kuuza jioni. Wauze ndani ya eneo la shule au siku ya mkutano wa wazazi, mbele ya watu wazima wanaojulikana. Hasara isifike nyumbani kama deni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule, na sidhani kama ndoo ya ubuyu ya mwalimu ingeingia humo. Yakishawekwa hayo, mimi mwenyewe nitakuja kununua karanga.

Mwalimu, Kilifi:

Hamjambo nyote. Ninachangia kutoka upande wa Kenya, ambako tumeyapitia haya kwa njia yetu.

Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulipoanza mwaka 1985, shabaha yake ilikuwa kumwandaa mwanafunzi ajitegemee hata asipofika chuo, na masomo ya vitendo yakajazwa katika ratiba: kilimo, useremala, sayansi ya nyumbani, biashara. Ninavyoamini mimi, kilichoyaangusha ni mambo mawili ambayo hayakuhusiana na ubora wa wazo lenyewe. Vifaa vilikuwa mzigo wa wazazi, na kila kilichofundishwa kwa mikono kikaja kutahiniwa kwa kalamu, hadi mtoto akawa anachora randa asiyowahi kuishika. Mengi yakaondolewa mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika mtaala wa umilisi tulio nao sasa, somo la biashara liliingia shule za sekondari ya chini mwaka 2023 likijitegemea, kisha likaunganishwa na stadi za awali za kiufundi baada ya kuonekana kwamba masomo yamekuwa mengi. Majirani zetu wa Rwanda wameupa ujasiriamali nafasi ya somo kamili katika sekondari, na mtaala wao ulioanza kutumika mwaka 2016 unataka lifundishwe kwa vitendo. Pote huko mwalimu bado ana kipindi kifupi na darasa kubwa kama la kwako.

Kwa darasa la 80 ningelianza na mahojiano kabla ya kuuza chochote, kwani hayahitaji hata senti. Makundi 16 ya wanafunzi watanowatano, kila kundi na mfanyabiashara wake mmoja: mwuza samaki, fundi cherehani, kinyozi, mwenye kibanda cha chipsi. Wasimwulize anapata faida kiasi gani, maana hatasema, na akisema si lazima iwe kweli. Wamwulize anafungua saa ngapi na kwa nini saa hiyo. Bidhaa gani haiishi na kwa nini bado anaiweka. Mteja akiomba mkopo humjibu vipi. Na mara ya mwisho alipoacha kuuza kitu fulani, aliona dalili gani. Swali hili la mwisho ndilo linalozaa zaidi. Kinyozi mmoja aliwaeleza wanafunzi wangu kwamba aliacha kuchaji simu za watu baada ya umeme kusambazwa kijijini, akaanza kuuza vifuniko na vioo vya simu zilezile, na kikundi kile hakikuhitaji tena nikifafanulie ubunifu ni nini.

Kuhusu alama, msimamo wangu ni kwamba faida isipewe alama hata moja. Ukiipa alama, wanafunzi watajaza fedha za nyumbani ili kundi lionekane limefaulu, na kundi lenye mzazi mwenye duka litashinda kabla ya kuanza. Alama ziende kwenye daftari, kama limeandikwa kila siku na linaoana na fedha iliyopo, na kwenye maelezo ya mdomo: walitarajia nini, kilitokea nini, na mzunguko ujao wataanza kubadilisha kitu gani. Ukisikiliza makundi manne kwa kipindi, dakika kumi kila kundi, vipindi vinne vinatosha darasa zima. Mwulize aliye kimya zaidi katika kundi. Yule msemaji tayari unajua anachojua.

Mwalimu wa Kilosa:

Nimewasoma wote na ninawashukuru. Mzee wangu, Shikamoo. Swali lako kuhusu uamuzi wa fedha nitalichukua kama lilivyo. Masharti ya mzazi wa Tabata nimeyanakili, na nadhani yatamtuliza mkuu wa shule kuliko maelezo yangu yoyote.

Limebaki jambo moja ambalo sijaliona njia yake. Makundi 16 yakihitaji Sh 13,500 kila moja ni Sh 216,000, na sina mahali pa kuzitoa. Niliwaza kila mwanafunzi anunue hisa ndogo, kama inavyofanyika katika programu za Junior Achievement, ambako tangu mwaka 1919 kule Marekani wanafunzi huanzisha kampuni, huuza hisa na kuivunja kampuni muda wao ukiisha. Lakini hapo hasara itakuwa imefika nyumbani, jambo ambalo mzazi amelikataa kwa haki. Na fedha zitakaa wapi, ikiwa wengi wao hawajafikisha miaka 18 na hawana kitambulisho cha kufungulia akaunti?

Mama Genge, Mbagala:

Mwalimu, usitafute mitaji 16. Tafuta mmoja uzunguke.

Anzeni na mchicha wa Mzee, kwa sababu mtaji wake ni mbegu na samadi, na samadi hapo kijijini mtapewa. Kila kundi lilimbikize mauzo ya tuta lake kwenye sanduku la darasa, hesabu ya kila kundi ikiandikwa kwa jina lake. Fedha ya karanga ikishatimia humo, kundi la kwanza linachukua Sh 13,500, linauza, linarudisha. Kundi la pili linachukua kilichorudi. Kundi la kwanza likirudisha Sh 13,000, la pili linaanza na Sh 13,000 na lina haki ya kuuliza mbele ya darasa zile Sh 500 ziko wapi, na zile za Ijumaa zimelipwa au hazijalipwa. Hakuna mzazi aliyeombwa kitu, na bado hasara ina mwenyewe. Ukiona makundi ni mengi kuliko wiki za muhula, acha mengine yafanye huduma: kushona vifungo na zipu, kukata nywele siku ya Jumamosi kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu, kupiga viatu rangi. Huko mtaji ni sindano, uzi na mkasi, na watalazimika kupangia bei muda wao wenyewe, ambayo ni kazi ngumu kuliko kupangia bei karanga.

Kuhusu kutunza fedha, fanyeni kama vikundi vyetu vya kuweka na kukopa: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa wanafunzi watatu wa makundi tofauti, sanduku lenyewe likae ofisini kwa mkuu wa shule. Wewe usiwe na ufunguo. Lifunguliwe siku moja tu ya wiki, darasa likiwepo, na kabla halijafungwa mweka hazina asome kwa sauti kilichoingia, kilichotoka, na kilichomo; atakayepinga apinge hapohapo, fedha ihesabiwe upya. Na ile barua ya wazazi iende kabla hamjasia mbegu, pamoja na masharti ya mzazi wa Tabata neno kwa neno.